ZILE SAA NANE ZA TATU ZIMEKWENDA WAPI?

Ndugu wafanya kazi, wake kwa waume,

Bila shaka mmeiona ile karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo, kando ya mashine ya kupigia kadi. Ina picha ya kijana mwembamba mwenye viatu vyeupe akikimbia, na chini yake imeandikwa ya kuwa mfanya kazi mwenye afya hufanya mazoezi dakika thelathini kila siku, na ya kuwa asiyefanya asitoe udhuru, kwani udhuru ni uvivu. Sisi tulio na watoto ambao hawajajua bado kujifunga viatu twataka kuijibu karatasi hiyo. Katika jambo la afya imesema kweli, wala hatubishani nayo. Tunabishana na neno moja tu, hilo la uvivu.

Kwanza tuikubali kweli yake, asije mtu akadhani twautetea ulegevu. Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2020, lilisema mtu mzima yampasa kupata kwa juma dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa kutoa jasho, kama kutembea kwa haraka. Au dakika 75 mpaka 150 ikiwa ni mwendo wa kumtweta, kama kukimbia. Tena katika juma awe na siku mbili au zaidi za kukaza misuli. Afanyaye hivyo huulinda moyo wake, huipunguza hatari ya ugonjwa wa sukari na ya presha, hulala vizuri, na hata roho yake huwa nyepesi. Hayo hatuhitaji kusomewa. Tunawaona wenzetu: dereva wa injini ambaye kitambi kinamzuia kuinama, karani apandaye daraja la steisheni akisimama mara mbili kuvuta pumzi, fundi ambaye hajafika miaka arobaini naye anameza vidonge vya presha kila asubuhi pamoja na chai.

Dakika 150 ni saa mbili na nusu. Juma lina saa 168. Mtu aliyeketi ofisini akiitazama hesabu hiyo atacheka, aseme, ni nani asiyeweza kupata saa mbili na nusu katika saa 168? Basi na tuhesabu pamoja naye.

Yuko mwenzetu mmoja, jina lake hatulitaji, ambaye kazi yake ni kusafisha mabehewa. Ana watoto wawili, mkubwa ana miaka mitatu na mdogo miezi kumi. Zamu yake huanza saa kumi na mbili asubuhi. Yeye huamka saa tisa na nusu ya usiku, akapika uji, akafunga nguo za watoto, akambeba mdogo mgongoni na kumshika mkubwa mkono akiwa bado na usingizi, akawapeleka kwa mama anayewalea kwa malipo, kisha akakimbilia matatu. Zamu huisha saa nane mchana. Akipita sokoni na kukwama kwenye msongamano wa magari, afika nyumbani saa kumi. Hapo ndipo kazi ya pili inapoanza, nayo haina kadi wala mshahara: maji ya kuteka kabla mfereji haujakatwa, nepi za kufua, kuni au makaa ya kutafuta ikiwa gesi imekwisha, chakula, kuwaogesha watoto, kuwalaza. Wakilala saa mbili, yeye aosha vyombo na kupiga pasi yunifomu. Alala saa nne. Saa saba mdogo aamka kunyonya. Saa tisa na nusu, haya tena.

Mama huyo hulala saa tano kwa usiku mmoja, tena kwa vipande. Zile dakika thelathini za kwenye karatasi atazitoa wapi? Hana pahali pa kuzitoa ila katika usingizi wake, na daktari yeyote wa kweli atamwambia asiuguse, maana ni mchache mno. Na akisema aamke mapema zaidi akimbie barabarani gizani, sote twajua mwanamke akutanaye na nini njiani saa kumi za usiku mahali pasipo na taa. Huyu ndiye anayeitwa mvivu na karatasi iliyochapishwa kwa rangi!

Sasa mtazame mtu wa gengi. Hutoka asubuhi na mapema, siku nzima ni mtaimbo, beleshi na kokoto, na arudipo jioni mgongo umekuwa kama ubao. Watoto wanamrukia mlangoni. Akishawapakata kidogo simu yalia. Simu hii ya mkononi, ambayo wazee wetu wa reli hawakuwa nayo, kwetu imekuwa kamba ya shingoni: ni saa tatu usiku, na nyapara asema, kesho usije asubuhi, njoo usiku. Hasemi kwa nini. Mke alikuwa amepanga jambo lake kesho jioni kwa kuwa mume atakuwapo, sasa limevunjika. Tuelewane hapa. Treni ikianguka hatuulizi saa, wala mvua ikisomba tuta hatuulizi. Twatoka, na jamaa zetu wanajua ndiyo kazi ya reli. Tunalolikataa ni kubadilishwa zamu kwa sababu mtu fulani ofisini hakukaa na kalamu yake juma lililopita akapanga.

Wako mabwana wanaosema, ninyi watu wa mikono mwataka mazoezi ya nini? Kutwa nzima mwainua vyuma, hayo si mazoezi? Na wenzetu wengine hulirudia neno hilo kwa majivuno. Hapa yafaa tukae kidogo, kwa kuwa jambo hili limechunguzwa na wenye elimu, na mara ya kwanza walichunguza watu wa uchukuzi kama sisi.

Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris wa Uingereza na wenzake walitoa habari ya watu wa mabasi ya ghorofa ya London. Kila basi lilikuwa na watu wawili, dereva aliyeketi kutwa, na kondakta aliyepanda mamia ya vidato vya ngazi za ghorofa kwa siku akikata tiketi. Watu wa tabaka moja, kampuni moja, barabara ileile. Walikuta ya kuwa madereva walipatwa na ugonjwa wa moyo kuliko makondakta. Kisha mwaka 1962 Henry Taylor na wenzake huko Marekani wakatoa hesabu ya vifo vya wafanya kazi wa reli. Waliwagawa mafungu matatu: makarani, watu wa kupanga mabehewa na kugeuza reli kwenye yadi, na watu wa magengi ya njia. Makarani walikufa kwa ugonjwa wa moyo karibu mara mbili ya watu wa magengi, na watu wa yadi wakawa katikati.

Ehe! asema bwana mkubwa, si nimewaambia? Gengi ni dawa.

Ngoja, bwana. Hayo ni ya 1962. Mwaka 2018 wataalamu wa Uholanzi na wenzao wa nchi nyingine walikusanya chunguzi nyingi, za watu zaidi ya 190,000 kwa jumla, na wakaona jambo la kushangaza: wanaume wafanyao kazi nzito za mwili walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi ile ya wenye kazi nyepesi kwa asilimia 18. Andreas Holtermann wa Denmark, mmoja wa waliolishughulikia sana jambo hili, ameeleza sababu zake. Mazoezi ni ya muda mfupi, mtu hutweta, kisha hupumzika, na moyo hupata nguvu. Kazi nzito ni ya saa nyingi, siku baada ya siku. Mapigo ya moyo hupanda yasishuke, presha hupanda kila uinuapo mzigo, mwili umejikunja upande mmoja, na kupumzika si kwa hiari yako. Kumbuka pia kondakta wa London alikuwa akitembea na kupanda ngazi, hakuwa akiinua chuma. Tena katika magengi yote ya dunia mtu akidhoofika huhamishwa au huacha kazi, na wanaobaki kuhesabiwa ni wale wenye nguvu. Kwa hiyo mtu asitudanganye kwamba jasho la bosi na jasho la nafsi yako ni jasho moja. Mtaimbo haukunyooshi mgongo. Na dereva na karani, ambao hawainui kitu, hawana hata hicho cha kujisingizia.

Basi mazoezi twayahitaji sote. Swali ni saa.

Swali la saa ndilo lililovizaa vyama vya wafanya kazi. Tarehe 21 Aprili 1856 waashi wa mji wa Melbourne, Australia, waliweka nyundo zao chini wakaandamana kudai siku ya saa nane. Mpaka leo upo mjini humo mnara wenye tarakimu tatu, 8 na 8 na 8: saa nane za kazi, nane za kujiburudisha, nane za kulala. Mwaka 1919 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipozaliwa, mkataba wake wa kwanza kabisa ulihusu jambo hilihili, saa nane kwa siku na 48 kwa juma katika viwanda. Hapa kwetu Nairobi, Makhan Singh na chama chake walilipeleka dai la saa nane mbele ya waajiri mwaka 1936, na mwaka 1937 mafundi wakagoma. Mtu huyo baadaye alizuiliwa na serikali ya kikoloni zaidi ya miaka kumi na moja, tangu 1950 mpaka 1961. Wale waliolipa bei hiyo hawakuwa wakidai saa za kukaa bure. Walidai sehemu ya siku ambayo si ya tajiri wala si ya usingizi, sehemu ya mtu mwenyewe, ya kucheza, kusoma, kunyoosha viungo, kuketi na watoto.

Leo, zaidi ya miaka mia moja tangu mkataba ule, amri ya jumla ya mishahara katika Kenya bado yaruhusu saa 52 kwa juma la siku sita, na kwa kazi ya usiku saa 60. Gawanya 52 kwa sita, utapata saa nane na dakika arobaini. Dakika arobaini hizo kila siku ni zaidi ya yale mazoezi yote ya kwenye karatasi! Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yatupa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Lakini aliye na mtoto mdogo na amwulize mwenziwe kama siku hiyo amepumzika, au amefua, amekwenda kanisani au msikitini, amehudhuria mazishi, kisha akalala kwenye kiti akiwa amekaa.

Na kwenda na kurudi kazini ni saa za nani? Zamani nyumba za reli zilikuwa karibu na karakana, mtu alisikia king'ora akatoka na kikombe mkononi. Wengi wetu sasa tunakaa mbali kwa sababu ya kodi, na saa mbili tatu za kila siku humalizikia njiani. Mwajiri hazihesabu. Mwili unazihesabu.

Lakini tukimlaumu mwajiri peke yake tutakuwa tumesema nusu tu, na nusu iliyobaki itawachoma baadhi ya wasomaji. Utazame tena ule mnara wa Melbourne. Waashi wale walikuwa wanaume, na saa zao nane za kujiburudisha zilisimama juu ya mwanamke aliyekuwa jikoni. Katika zile nane tatu hakuna nane ya mama. Je, sisi tu mbali sana nao? Shirika la Takwimu la Taifa lilichunguza mwaka 2021 jinsi watu wa Kenya watumiavyo siku yao, likaona ya kuwa wanawake huitumia kazi ya nyumbani na ya kulea, ile isiyolipwa, karibu asilimia 19 ya wakati wao, na wanaume hawafiki asilimia nne. Hiyo ni kama saa nne na nusu kwa siku upande mmoja, na upande wa pili haitimii hata saa moja.

Wako wanachama wetu, tena wazuri, wenye kusema kwa nguvu mkutanoni juu ya unyonyaji, ambao kila Jumapili saa tisa wako uwanjani wakicheza mpira, na baada ya mpira wanaketi mpaka giza wakiuzungumza huo mpira. Hatusemi wasicheze. Mpira ni mazoezi mema kuliko mengi. Twauliza tu, wakati huo watoto wako na nani? Na yule aliye nao, Jumapili yake ni lini? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu aweza kuujua wizi wa dakika arobaini za mwajiri, na wizi wa saa nne nyumbani kwake asiuone.

Watajibu kwamba mila zetu hazimruhusu mwanamume kubeba mtoto wala kushika mwiko. Twawaomba wawaulize wazee wa reli waliostaafu. Serikali ya kikoloni iliwajengea wazee wale vyumba vya kukaa kama makapera, kwa kuwa ilitaka mikono yao mjini na jamaa zao wabaki mashambani. Katika landi zile wanaume walipika ugali, walifua, walipiga pasi, walishona vifungo, na mwenzao akiugua walimwogesha. Walifanya hivyo miaka ishirini, thelathini, na hakuna mila iliyowafia mikononi. Mila hiyo inayokataa mwiko ilionekana tena pale tu mke alipofika mjini. Kwa sheria hiyohiyo ya mwaka 2007, baba apatapo mtoto ana haki ya majuma mawili ya livu kwa mshahara kamili. Wako wasimamizi wanaoitoa kwa kununa kana kwamba ni sadaka, na hao tutawashughulikia. Lakini wako pia akina baba wanaoichukua wakaenda nayo shamba kuangalia ng'ombe, wakamwacha mama na kitoto cha siku kumi.

Na sasa jambo lililofanyika, tupate kuona kinachowezekana na kinachokizuia. Katika majumba tunayokaa, jamaa nne zilikaa chini mwaka jana zikapanga zamu, kama tunavyopanga gengini. Watoto walikuwa tisa kwa jumla, wa miaka miwili mpaka minane. Jumatatu mpaka Alhamisi, saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili jioni, nyumba moja iliwachukua watoto wote, na wazazi wa nyumba tatu wakawa huru. Hesabu ni nyepesi: kila nyumba ilitoa saa moja kwa juma ikapata saa tatu. Saa tatu ni dakika 180, nazo zapita zile 150. Walikubaliana neno moja zaidi, na hili ndilo lililoleta kelele: saa zile tatu ni za mama kwanza, na baba asiyekuwa kazini siku ya zamu ya nyumba yake ndiye anayewatazama watoto.

Walifanya nini na saa hizo? Wengine walitembea kwa haraka kuizunguka yadi kwa nje. Mama mmoja, ambaye utotoni alikuwa mkimbiaji wa shule, alirudi kukimbia polepole, na watu wa dukani waliocheka juma la kwanza walichoka kucheka juma la tatu. Yule aliyejifungua kwa kupasuliwa alikwenda kwanza kliniki kuuliza, akaambiwa aanze kwa kutembea, asiinue kitu kizito, naye akafuata. Wanaume wawili wa gengi walijifunza kunyoosha mgongo na nyonga kwenye mkeka, jambo walilolidharau mpaka walipoona wanaamka bila kushika ukuta. Wengine waliruka kamba. Kamba haina bei. Kipande cha manila kinatosha.

Na nyumba iliyokuwa zamuni haikukosa chake. Maana watoto tisa hawakai chini. Baba mmoja aliona ya kuwa njia nyepesi ya kuwatazama ni kucheza nao kati, akawa yeye ndiye wa kurushiwa mpira katikati. Baada ya dakika ishirini alikuwa ametweta kuliko siku nzima ya kazi. Hilo ni jambo la kushika. Shirika lile la Afya liliagiza mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne ahitaji dakika 180 za kwenda huku na huku kila siku. Basi mzazi amfuataye mtoto huyo kwa miguu badala ya kumpigia kelele kutoka kitini atatokwa na jasho atake asitake. Tena maagizo ya 2020 yaliiondoa ile kanuni ya zamani iliyosema mazoezi ya chini ya dakika kumi mfululizo hayahesabiwi. Sasa kila dakika yahesabiwa. Kupanda daraja la steisheni kwa haraka, kushuka matatu kituo kimoja kabla, kuchuchumaa na kuinuka mara ishirini huku uji unachemka na mtoto amekushika shingo, yote yamo katika hesabu. Kwa aliye na mtoto wa miezi sita hizo ndizo njia zilizopo, na asione haya kwamba si viatu vyeupe.

Zamu ile ya jamaa nne ilidumu majuma tisa. Juma la kumi, wafanya kazi wawili wa nyumba mbili tofauti walipigiwa simu usiku mmoja wakahamishiwa zamu ya usiku. Wakati wa jioni wakawa wanajitayarisha kuondoka. Watoto hawakuwa na wa kuwapokea. Juma lililofuata mmoja akarudishwa mchana na mwingine akaachwa. Hapakuwa na treni iliyoanguka. Nyumba nne zisizojua Jumatatu itakuwaje haziwezi kupeana ahadi ya Alhamisi, na mambo yakaisha bila ugomvi wala kuaga. Huko ofisini hakuna aliyejua ameua kitu.

Na uwanja je? Nyuma ya majumba ulikuwapo uwanja wenye magoli mawili ya chuma. Sasa umezungushwa mabati na ndani yake mna vyuma chakavu na malori yasiyotembea. Mtu atuambie, mwajiri atumiaye fedha kuchapa karatasi za kutuhimiza tukimbie, na uwanja wa kukimbilia ameufanya boneyadi ya malori, anataka tukimbilie wapi? Juu ya reli?

Kwa hiyo tumeandika maazimio ya kupeleka kwenye mkutano wa tawi, ili Chama kiyatie katika mazungumzo ya mapatano yajayo na mwajiri. Twataka orodha ya zamu ibandikwe siku kumi na nne kabla, na mabadiliko yoyote ambayo si ya ajali yalipwe kama ovataimu. Hilo ni la kwanza, na tukipewa moja tu na tupewe hilo. Twataka mabati yale yaondolewe, na taa mbili ziwekwe njia ya kwenda uwanjani. Twataka livu ya baba itolewe bila kununiwa. Twataka chumba cha watoto karibu na karakana. Na kile chumba cha kunyonyeshea ambacho Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamwamuru mwajiri kukiweka mahali pa kazi, kiwe chumba cha kweli chenye mlango; stoo ya ndoo na mifagio haitoshi. Sheria hiyo yampa mama anyonyeshaye mpaka saa moja ya kulipwa katika kila saa nane za kazi, juu ya saa za chakula. Ni wangapi katika ninyi mliowahi kuambiwa hayo?

Chama nacho hakikosi lawama. Miaka mingi mikutano ya tawi imekuwa saa kumi na mbili jioni, saa ile ambayo kila mama yuko jikoni, na kisha tunauliza mbona wanawake hawaji kusema shida zao. Katika kamati ya tawi letu wamo watu tisa, na aliye na mtoto wa chini ya miaka mitano ni mmoja. Waliobaki watoto wao wamekua, na mtu akishavuka mto huusahau ulivyokuwa na maji. Hatusemi waondoke. Twasema waongezwe wengine.

Wenzetu wasio na watoto wadogo wasilione jambo hili kuwa si lao. Orodha ya zamu ya siku kumi na nne itamfaa kijana anayesoma masomo ya jioni, itamfaa mzee apelekaye mkewe kliniki, itamfaa hata yule wa mpira wa Jumapili, maana siku hizi naye huitwa kazini kipindi cha pili kikiwa hakijaanza.

Mkutano wa tawi utakuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa tatu asubuhi, mahali palepale. Njoni na watoto. Mkeka utatandikwa upande wa dirishani, na akina baba wawili wamekwisha andikishwa kuwatazama. Anatakiwa wa tatu. Anayetaka jina lake litiwe katika zamu mpya ya jamaa ampe katibu wa tawi kabla ya Ijumaa, akiandika saa za zamu yake kama anavyozijua leo, na idadi ya watoto na umri wao.

Ni sisi,
Wazazi wa Gengi, Karakana na Steisheni